Gia moja, shokapu ya mbele tu: mwongozo kamili wa kuendesha baiskeli kwenye njia za Alpi

Ukiingia milima ya Alpi na baiskeli ya gia moja isiyo na shokapu nyuma, miguu yako inabeba kazi mbili. Kwenye mwinuko miguu ndiyo gia, kwenye mteremko miguu ndiyo shokapu. Asiyelizingatia hili hupanda asubuhi kwa mbwembwe, akiwapita wenye gia kumi na mbili mmoja baada ya mwingine, kisha mchana anashuka magoti yakimtetemeka na kila jiwe likimgonga kiunoni. Nimewahi kuwa huyo. Tangu siku ile kila ninachopanga, kuanzia idadi ya meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) hadi saa ya kuamka, nakipima kwa swali moja: nitafika juu nikiwa nimebakiza miguu kiasi gani?

Baiskeli yenye shokapu mbele na fremu ngumu nyuma wapandaji huiita hadteili, na ndivyo nitakavyoiita hapa. Ukiwa na hadteili ya gia nyingi, ruka sehemu ya sproketi uanzie kwenye shokapu na tairi. Mengine yote yanakuhusu.

Meno kwanza, njia baadaye

Sproketi ya meno 32 mbele na 20 nyuma, kwenye magurudumu ya inchi 29, inakusogeza karibu mita 3.7 kwa kila mzunguko wa pedali. Barabara za wafugaji na za misituni kwenye Alpi mara nyingi hupanda kwa asilimia 8 hadi 12 (mita 8 hadi 12 juu kwa kila mita 100 za kwenda mbele), na zinaweza kuendelea hivyo mpaka umemaliza mita 1,000 za kwenda juu bila kukutana na tambarare ya maana. Kwenye asilimia 10, ukizungusha pedali mara 40 kwa dakika, utakwenda kama kilomita 9 kwa saa. Wewe, baiskeli na mkoba mkiwa na kilo 90 kwa pamoja, hapo unatoa karibu wati 220 za kushindana na mwinuko peke yake, kabla ya kuhesabu msuguano wa tairi na changarawe. Weka meno 22 nyuma, na kwa mzunguko uleule zinabaki wati 200 hivi. Tofauti ya wati 20 inaonekana ndogo, lakini baada ya saa mbili ndiyo inayoamua kama utashuka ukiwa umesimama imara juu ya pedali au umejibwaga kitini.

Mwinuko ukifika asilimia 15, meno 20 yanadai wati 330 kwa mzunguko uleule. Huwezi kubadili gia, kwa hiyo unachoweza kupunguza ni kasi ya pedali, nayo ina kikomo: chini ya mizunguko 35 hivi baiskeli inaanza kuyumba na magoti yanalalamika. Na hewa nayo inapungua. Ukiwa mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la pwani, kwa hiyo wati ulizozitoa kwa raha bondeni utazitoa huku unahema.

Kwa mtu anayeanza nasema 32 kwa 22, au hata 30 kwa 22. Watakuambia hiyo ni gia ya mtoto. Waache. Hasara yake ni kwamba kwenye barabara ya bondeni utazungusha miguu kama cherehani na bado hutazidi kilomita 18 au 20 kwa saa, lakini bonde ni mahali pa kupumzika, si pa kushindana.

Kama bado hujanunua sproketi, jaribu hivi: chukua baiskeli ya gia nyingi, iweke kwenye gia yenye uwiano unaoufikiria (gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, 32 kwa 22 inatoa 1.45), funga kitufe cha gia kwa utepe ili usidanganyike, kisha upande mlima mrefu siku nzima. Ukifika jioni hujaugusa utepe, umepata jibu.

Kuiandaa baiskeli

Mnyororo wa gia moja hauna mkono wa kuuvuta nyuma, kwa hiyo ukilegea unatoka, na ukitoka huku umesimama kwenye pedali mlimani, kifua chako kitakutana na usukani. Kaza mpaka katikati yake uchezecheze kama sentimita moja juu na chini. Zungusha pedali taratibu duara zima kabla ya kuridhika, kwa sababu sproketi karibu zote zina upande mmoja unaokaza zaidi. Pima pale penye mkazo, la sivyo utaziumiza beringi. Sproketi ya mbele na ya nyuma ziwe kwenye mstari mmoja. Ya nyuma iwe ya chuma na yenye kitako kipana: nyembamba huzamisha meno yake kwenye habu (kiini cha gurudumu) ya aluminiamu, na siku ya kuibadilisha utahitaji nyundo.

Fremu zenye ekseli inayoteleza nyuma na mbele ndizo ninazozipenda, mradi ziwe na skrubu za kuizuia isisogee. Kifaa cha springi cha kukaza mnyororo kinafaa pia, ila kwenye mawe mengi hurukaruka na mnyororo hupata nafasi ya kutoka.

Shokapu ya mbele ndiyo sehemu ambayo wenye hadteili wengi huikosea, kwa kuwa wanafuata ushauri ulioandikwa kwa baiskeli zenye shokapu mbili. Kwenye baiskeli hizo, ukigonga kitu, mbele na nyuma huzama pamoja. Kwenye hadteili mbele huzama na nyuma hubaki juu, kwa hiyo baiskeli nzima inainamia mbele wakati uleule ambao mteremko nao unakusukuma mbele. Dawa yake ni kuijaza hewa zaidi kidogo: ukiwa umesimama kwenye pedali kwa utulivu, izame asilimia 15 hadi 20 ya urefu wote inaoweza kuzama, isizidi. Kwa kazi hii urefu wa milimita 120 hadi 140 unatosha. Shokapu ndefu kuliko hapo, juu ya fremu ngumu, inazidisha kuinama huko huko unakojaribu kukwepa.

Tairi la nyuma ndilo mto pekee ulio nao upande huo. Weka pana, inchi 2.4 hadi 2.6, lenye ukuta mgumu, bila tyubu, na maji ya kuziba matundu ndani yake. Mimi huongeza na povu la kulinda ringi, kwa nyuma tu. Mtu wa kilo 75 anaweza kuanzia shinikizo la bari 1.4 mbele na 1.7 nyuma (paundi 20 na 25), kisha arekebishe. Ukisikia ringi inagonga jiwe zaidi ya mara moja au mbili kwenye mteremko mzima, ongeza. Usipoisikia hata mara moja, huenda umejaza kupita kiasi na unajitesa bure. Jambo moja ambalo wengi hawaliwazii: ukijaza bondeni kisha ukapanda mita 2,000, hewa ya nje inapungua uzito na tairi linakuwa gumu zaidi. Baridi ya juu inarudisha kidogo. Jumla yake ni kama sehemu ya kumi ya bari, ambayo kwenye tairi la hadteili mkono unaihisi. Pima tena ukifika kileleni.

Breki sasa. Kushuka mita 1,000 ukiwa na kilo 90 ni kugeuza nishati kubwa kuwa joto, kiasi kinachoweza kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji baridi, na sehemu kubwa yake inapita kwenye diski mbili nyembamba. Diski ya mbele iwe na milimita 200 au zaidi, ya nyuma isipungue 180. Pedi za chembe za metali hustahimili joto kuliko zile laini, ingawa hupiga kelele zikilowa. Pedi mpya zizoeshe kwanza bondeni: kimbia, funga breki kwa nguvu bila kusimama kabisa, rudia kama mara 20. Kwenda na pedi mpya moja kwa moja kileleni ni kujitafutia balaa.

Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kitufe? Ndiyo. Kuna waumini wa usahili wanaoikataa, na nawaheshimu, lakini kama miguu ndiyo shokapu yako basi inahitaji nafasi ya kukunjika, na kiti kilicho juu kinaiziba nafasi hiyo.

Kuisoma njia kabla ya kuikanyaga

Kipimo cha ugumu wa njia kinachotumika sana kwenye Alpi ni kile cha S0 hadi S5. S0 ni njia laini isiyo na vikwazo. S1 ina mizizi na mawe madogo, na miteremko isiyozidi asilimia 40. S2 ina mawe makubwa zaidi, ngazi na kona za kubana, na mteremko unaweza kufika asilimia 70. Kuanzia S3 unakutana na mawe makubwa yaliyotapakaa na kona kali zaidi, na kuanzia S4 kona ambazo gurudumu la nyuma lazima linyanyuliwe. Hadteili ina nyumba nzuri sana kwenye S1 na S2. S3 inawezekana, polepole, kwa mtu aliyezoea. Zaidi ya hapo utakuwa mchukuzi wa baiskeli yako.

Uswisi ina alama za rangi kwa waenda kwa miguu, na zinakusaidia hata wewe. Njano ni njia ya kawaida. Nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, na huko ndiko njia nyingi nzuri zilipo, ingawa rangi hiyo inabeba kila kitu kuanzia njia laini za raha hadi ngazi za mawe. Nyeupe-bluu-nyeupe ni njia ya milima mirefu, yenye kupanda kwa mikono na wakati mwingine barafu; hapo baiskeli haina kazi. Muda ulioandikwa kwenye vibao vya njano ni wa kutembea bila mapumziko.

Ruhusa si moja kila mahali. Austria ina sheria ya misitu ya mwaka 1975 inayomruhusu mtu kutembea msituni kwa burudani, lakini kuendesha baiskeli kunahitaji idhini ya mwenye msitu au anayetunza barabara, kwa hiyo fuata njia zilizowekewa alama za baiskeli. Jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani, linakataza baiskeli kwenye njia za msituni zenye upana usiofika mita 2, isipokuwa zilizoruhusiwa. Italia na Ufaransa hutofautiana kutoka eneo hadi eneo. Angalia kila mara, hata kama mwaka jana ulipita.

Saa ya kuondoka

Halijoto hushuka kwa wastani wa nyuzi 0.65 kwa kila mita 100 za kupanda. Bonde lenye nyuzi 22 linamaanisha nyuzi 9 mita 2,000 juu yake, tena ukiwa umelowa jasho. Beba koti la kuzuia upepo na glavu za pili kavu. Vidole vya baridi havikazi breki.

Ngurumo za kiangazi hupenda mchana na jioni. Nataka niwe nimeshavuka sehemu ya juu kabisa kabla ya saa sita mchana, na kwa kuwa gia moja haikuruhusu kuharakisha unapochelewa, hilo linamaanisha kuanza saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona radi, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na unatakiwa uwe unashuka kutoka kwenye mgongo wa mlima, si kupiga picha.

Theluji ni mtego wa mapema. Upande wa kaskazini, juu ya mita 2,300 hivi, mabaki yake yanaweza kuwepo hadi Julai. Asubuhi huwa magumu kama kioo. Kama chini yake kuna korongo, rudi.

Kupanda, na kutembea

Gia moja hupandwa kwa kusimama. Siyo kuruka juu ya pedali, bali kuuegemeza uzito wa mwili kwenye mguu mmoja, kisha mwingine, kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi bila haraka. Mikono huvuta usukani kidogo kila mguu unaposhuka, nyonga zibaki karibu na ncha ya kiti. Ukisogea mbele mno gurudumu la nyuma litateleza, ukirudi nyuma mno la mbele litanyanyuka. Kwenye changarawe ya kulegea tofauti ya hayo mawili ni upana wa kiganja.

Keti kila unapoweza, hata kwa mizunguko kumi. Kabla ya sehemu kali usikimbilie sana. Kasi husaidia kwa mita 15, baada ya hapo unalipa deni.

Na ushuke kwenye baiskeli. Hili ndilo somo gumu kuliko yote, kwa sababu kiburi hakipendi kusukuma. Kwenye asilimia 15 na kuendelea, anayesukuma baiskeli hupanda kama mita 300 hadi 400 za wima kwa saa, naye anayekamia pedali kwa wati 330 atamwacha, sawa, lakini kwa dakika chache tu. Mimi hushuka kabla sijalazimika, nikiwa bado napumua vizuri. Kusukuma hunyoosha mgongo, hubadilisha misuli na huokoa magoti. Mahali pa ngazi, geuza baiskeli uibebe mgongoni: fremu juu ya mkoba, mkono mmoja kwenye uma wa mbele, mwingine kwenye pedali. Viatu viwe na soli inayoshika mawe, kwa maana siku ya mita 1,500 za kupanda unaweza kutembea theluthi yake.

Kushuka

Juu kabisa, kabla ya kila kitu, keti robo saa. Kula, kunywa, vaa koti, pima tairi, kaza ekseli, shusha kiti. Ndipo uanze.

Msimamo: pedali zote mbili usawa mmoja, visigino chini, magoti yamefunguka na kukunjika nusu, viwiko nje, kifua chini. Uzito wote uwe miguuni. Mikono isibebe mwili, ielekeze tu. Anayeanza hudhani kwamba kwenye mteremko mkali anatakiwa kurudisha makalio nyuma mpaka yaguse tairi. Akifanya hivyo gurudumu la mbele linakosa uzito, linateleza kwenye kona, na miguu iliyonyooka haiwezi tena kumeza kitu. Shuka chini kuliko kwenda nyuma.

Sasa jiwe. Kwenye baiskeli ya shokapu mbili unaweza kulipita ukiwa umelala usingizi. Kwenye hadteili kuna vipigo viwili: mbele inamezwa na shokapu, nyuma inamezwa na wewe. Kabla ya kulifikia, bonyeza baiskeli chini kwa miguu, kisha legeza miguu papo hapo ili gurudumu la nyuma liwe jepesi linapogusa jiwe. Halihitaji kuruka hewani, linahitaji tu kutobebeshwa uzito kwa sehemu ya sekunde. Ukilipata hili, njia ile ile inakuwa nusu ya ugumu wake. Fanya mazoezi kwenye ukingo wa barabara kabla ya kusafiri, mara mia ikibidi.

Mstari unaochagua ni muhimu kuliko ujasiri. Mwenye shokapu mbili hukata moja kwa moja. Wewe tafuta pembeni, juu ya ardhi laini, baina ya mawe, ila usitoke nje ya njia na kukanyaga majani, kwani juu ya mahali miti inapokoma mmea uliokatwa huchukua miaka kurudi. Tazama mita kumi mbele. Macho yakishuka kwenye gurudumu, umechelewa.

Mizizi iliyolowa ipite kwa pembe ya mraba, bila breki, bila kugeuza usukani. Vivyo hivyo mbao na mawe yaliyolazwa kukatisha njia ili maji yatoke. Hizo huwa zimekaa mshazari, na tairi likizigusa mshazari linafuata maji.

Breki zifanye kazi kwa vipindi. Kaza kwa nguvu mahali penye mshiko, kisha achia zipoe. Kushikilia kidogo kidogo mfululizo ndiko kunakozipika. Dalili za hatari ni harufu ya kuungua, mkono wa breki unaokaribia usukani, au kelele mpya. Simama dakika kumi, na usimwagie maji diski ya moto. Gurudumu la nyuma lisifungwe kabisa: mfereji unaouchora leo, mvua ya kesho itauchimba.

Kona kali za nyoka zimejaa Alpi. Ingia kwa nje, maliza kupunguza kasi kabla ya kugeuka, geuza kichwa na kifua kuelekea unakotokea, achia breki ya mbele taratibu. Kona ikiwa fupi kuliko baiskeli, kuna njia ya kushika breki ya mbele, kunyanyua nyuma na kuizungusha kwa nyonga. Jifunze uwanjani. Mpaka uijue, shuka, geuza baiskeli kwa mkono, endelea; unapoteza sekunde nane.

Pumzika kila mita 200 za wima, hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu vidole huchoka kimyakimya. Mimi hujipima hivi: kama siwezi kugusanisha kidole gumba na kila kidole kwa haraka, sipandi tena baiskeli mpaka niweze.

Unaokutana nao

Anayetembea ana haki ya kwanza. Punguza mwendo, salimia, simama kwenye sehemu nyembamba ukiwa upande wa bonde ili yeye apite upande wa mlima. Lango la malisho ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ng'ombe mwenye ndama mpishe mbali. Kwenye kondoo wenye mbwa wa kulinda, shuka kabla hajakufikia, weka baiskeli kati yenu, usimkodolee macho, zunguka kundi ukitembea.

Mkobani

Uzuri wa gia moja ni kwamba hakuna kifaa cha gia cha kuvunjika kwenye jiwe. Vinavyobaki ni mnyororo na tairi. Beba kifaa cha kukata mnyororo, viungo viwili vya kuunganishia, spana za alenki (za pembe sita) zinazoingia kwenye kila skrubu ya baiskeli yako (pamoja na ile ya ekseli, ambayo niliwahi kuisahau nikashuka kilomita tisa kwa miguu), pampu, vijiti vya mpira vya kuziba pancha, tyubu moja, kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani ya mpasuko. Pedi za breki za akiba. Huduma ya kwanza, blanketi la dharura, taa ya kichwani.

Namba ya dharura ni 112, na Uswisi unaweza kuwapigia waokoaji wa helikopta wa Rega kwa 1414. Pasipo mtandao, toa ishara sita kwa dakika moja, kwa filimbi au taa, yaani moja kila sekunde kumi; nyamaza dakika moja; rudia. Ukijibiwa, utasikia au kuona ishara tatu kwa dakika. Helikopta ikikujia na unahitaji msaada, inua mikono yote miwili juu. Mkono mmoja juu na mwingine chini humwambia rubani huhitaji, naye ataondoka.